KUZIMWA, KUZIMIKA NA KUJIZIMA: MAELEZO JUU YA PROGRAMU DHIBITI YA KOMPYUTA NA MANENO YANAYOIHUSU

Makala hii yakusudia kueleza jambo moja la ufundi na jambo moja la lugha, na kuonyesha kwamba mambo hayo mawili hayatengani. Jambo la ufundi ni hili: zipo kompyuta zinazoganda au kuzimika ovyo, na sababu yake si ubovu wa kifaa wala si mfumo wa uendeshaji, bali ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya bodi mama. Dawa yake ni kuiandika upya programu hiyo kwa toleo jipya lililotolewa na watengenezaji wa bodi. Jambo la lugha ni kwamba mwenye kompyuta na fundi wake hupatana au hupotezana kwa maneno kabla ya bisibisi kushikwa. Neno moja likitumika kwa hitilafu tano, dawa moja hutumika kwa maradhi matano, na mgonjwa wanne katika watano haponi.

Mifano ya lugha nimeitwaa katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, toka Bunju na Mapinga hata Bagamoyo na vijiji vyake. Nimechagua mahali hapa kwa sababu mbili. Kwanza, hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu, pamoja na joto na umeme usiotulia, huzitia kompyuta katika mitihani mingi, hata hitilafu zake huonekana za aina zote. Pili, Kiswahili cha hapa kina hazina kubwa ya maneno ya vyombo vya baharini, na katika hazina hiyo limo funzo juu ya namna lugha yetu ilivyozoea kupokea ufundi wa kigeni.

I. PROGRAMU ILIYO KATI

Katika kompyuta twatofautisha maunzi na programu. Neno maunzi lina mzizi wa kitenzi kuunda, ambacho tangu zamani ni kitenzi cha waunda majahazi. Sauti d hugeuka z mbele ya kiambishi -i, kama vile kulinda huzaa mlinzi na kupenda huzaa mpenzi. Basi maunzi ni kile kilichoundwa, kinachoshikika: bodi, waya, diski, kioo. Programu ni maagizo yasiyoshikika, yanayoingizwa na kuondolewa pasipo kugusa kifaa.

Kati ya hayo mawili pana kitu cha tatu. Kompyuta inapowashwa, kichakataji, au prosesa kama waitavyo mafundi, hakijui bado diski iko wapi, kumbukumbu ni kiasi gani, wala kama kibodi kimeunganishwa. Mfumo wa uendeshaji, kwa mfano Windows au Linux, ungali umelala diskini na hauwezi kujiamsha wenyewe. Lazima pawe na maagizo yaliyokwisha kuwamo katika bodi mama, yanayokagua vifaa, yanayopanga kiasi cha umeme na mwendo wa kila kifaa, na kisha kuuita mfumo wa uendeshaji na kuukabidhi kazi. Maagizo hayo hukaa katika kijisahani kidogo cha kumbukumbu kilichobanwa juu ya bodi, na hayapotei umeme ukikatika.

Kwa watu wa Bagamoyo mfano ulio karibu ni ule wa rubani na nahodha. Maji ya Bagamoyo ni mafupi. Hiyo ilikuwa sababu mojawapo iliyowafanya Wadachi kuhamishia makao ya serikali yao Dar es Salaam mwaka 1891. Chombo kikubwa kinachopita kwenye mafungu na miamba huongozwa na rubani ajuaye njia, naye akikifikisha penye kina humwachia nahodha. Programu tunayoizungumzia ni rubani. Mfumo wa uendeshaji ni nahodha. Maunzi ni chombo chenyewe. Rubani akiwa na habari za zamani, fungu likawa limehama, chombo hupanda mwamba. Hapo kubadili nahodha hakufai kitu, na kununua jahazi jipya ni hasara ya bure. Yapasa rubani apewe habari mpya.

Mfano huu una mpaka wake, nao yafaa utajwe. Rubani wa bahari hushuka chomboni, bali programu hii haishuki kabisa. Hata baada ya kukabidhi kazi, mipango iliyoiweka ya umeme, joto na mwendo wa kumbukumbu huendelea kutawala mashine muda wote iwapo macho. Ndiyo maana kosa lililomo ndani yake laweza kuonekana saa tatu baada ya kuwasha, wakati mtu amekwisha kuisahau.

Programu ya namna hii katika kompyuta za watu binafsi ilijulikana kwa miaka mingi kwa jina la baiosi, jina lililotoka katika kazi za Gary Kildall, Mmarekani, katika miaka ya 1970, likaenea kwa kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Zamani iliandikwa mara moja tu kiwandani, na kuibadili kulitaka kung'oa kijisahani na kuweka kingine. Ilipokuja kumbukumbu inayoweza kufutwa na kuandikwa upya mahali ilipo, mwenye mashine aliweza kuisasisha mwenyewe. Katika kompyuta za leo nafasi ya baiosi ya kale imeshikwa na mfumo uitwao UEFI, ijapokuwa mafundi wangali wakiuita baiosi.

II. MANENO YA HITILAFU

Mteja wa pwani akipeleka kompyuta kwa fundi husema mara nyingi maneno mawili tu: "Kompyuta inazima." Kitenzi kuzima kina tabia ya pekee. Twasema "zima taa", na twasema vilevile "taa imezima". Katika sentensi ya kwanza yuko mtendaji na mtendwa. Katika ya pili mtendaji hayupo wala hatajwi. Hivyo usemi huo wa mteja ni sahihi kwa sarufi, lakini kwa fundi hauna habari yoyote ya sababu.

Hata hivyo lugha yetu ina vinyambuo vinavyotoa habari hiyo, na kila msemaji anavijua tangu utoto. Tuvitazame vitatu.

Kuzimwa ni kutendwa: yupo mzimaji. Kompyuta iliyozimwa imepokea amri ya mtu au ya mfumo wa uendeshaji, nao mfumo hufunga kazi zake kwa taratibu. Mara nyingi hiyo si hitilafu ya bodi. Ni sasisho la usiku au ni mpango wa kuokoa umeme.

Kuzimika ni kutendeka: hali imetokea pasipo mtendaji, kama koroboi kwa upepo. Kompyuta iliyozimika ghafula, kioo kikawa cheusi papo hapo, yaelekea imekosa umeme. Hapo hutazamwa kwanza waya, kisanduku cha kupokea umeme, betri, na viungo vilivyoshika kutu. Katika nyumba zinazopata upepo wa bahari jambo la mwisho halidharauliki.

Kujizima ni kujitenda: mashine imeamua. Kompyuta ina vipimo vya joto ndani yake, na joto likipita mpaka hujizima ili isiungue. Anayesema "inajizima ninapofanya kazi nzito" amekwisha kumwambia fundi afungue kifuniko, atoe vumbi katika feni, na aangalie uji wa kupooza uliopakwa juu ya kichakataji.

Kwa vitatu hivyo twaongeza vingine vitatu. Kujiwasha upya ni kujizima na kurudi pasipo kuguswa. Mara nyingi mfumo wa uendeshaji umekutana na jambo usiloweza kulivuka, ukaonyesha kioo chenye maandishi ya kosa, kisha ukaanza tena. Kuganda ni kusimama kwa kila kitu huku kioo kingali na nuru. Neno hili halikungojea kompyuta wala barafu: maziwa huganda, damu huganda, na mafuta ya nazi huganda kwenye baridi ya kipupwe. Vijana husema pia kustaki. Mwisho, kugoma kuwaka ni kukataa hata kuanza, na hapo rubani mwenyewe huenda ndiye aliyeharibika.

Programu ya bodi mama hushukiwa zaidi katika kujiwasha upya, kuganda na kugoma kuwaka, hasa kompyuta ikiwa mpya, au ikiwa imeongezwa kumbukumbu au kichakataji kipya kuliko bodi yake. Katika kuzimika na kujizima hushukiwa baada ya umeme, vumbi na joto kuondolewa katika hesabu. Basi mteja akifundishwa kuchagua kinyambuo kilicho sawa, nusu ya uchunguzi imekwisha kufanywa kwa sarufi yake mwenyewe, pasipo neno hata moja la kigeni.

III. KISA CHA VICHAKATAJI VYA INTEL

Ili isidhaniwe kwamba hitilafu ya aina hii ni ya nadharia, nataja kisa kilichojulikana duniani kote. Vichakataji vya Intel vya kompyuta za mezani vya kizazi cha 13 vilitoka mwaka 2022, na vya kizazi cha 14 mwaka 2023. Baadhi ya vile vyenye nguvu zaidi vilianza kuangusha programu, hasa michezo mikubwa, na kujiwasha upya pasipo sababu iliyoonekana. Watumiaji wengi waliona ujumbe uliosema kwamba kumbukumbu ya video haitoshi. Wakausadiki, wakabadili kadi za picha, wakaingiza upya mfumo wa uendeshaji, na hitilafu ikabaki. Ujumbe ulikuwa umetaja mahali ambapo kosa lilionekana, si mahali ambapo kosa lilizaliwa.

Mwaka 2024 Intel ilieleza sababu: vichakataji hivyo vilikuwa vikipewa volteji kubwa kuliko ipasavyo, na sehemu moja ya mzunguko wake wa ndani ilikuwa ikichakaa kabla ya wakati. Kosa moja lilikuwa katika maagizo ya ndani kabisa ya kichakataji, yaitwayo mikrokodi, yaliyoomba umeme wa ziada; na baadhi ya bodi mama zilikuwa zimewekewa mipaka ya umeme iliyozidi mwongozo wa Intel. Mwezi wa Agosti mwaka huo ilitolewa mikrokodi mpya yenye alama 0x129, na mwezi wa Septemba nyingine yenye alama 0x12B. Watengenezaji wa bodi waliziingiza katika programu za bodi zao, na mwenye kompyuta alitakiwa kuisasisha programu hiyo. Kila mashine inapowashwa, programu ya bodi hukipa kichakataji mikrokodi hiyo upya, kama rubani anayekumbusha kila safari.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sasisho ni kinga, si uganga. Kichakataji kilichokwisha kuchakaa hakikurudi katika uzima kwa sasisho. Intel iliongeza muda wa dhamana kwa miaka miwili, na chenye ubovu kilistahili kubadilishwa. Anayengoja hadi hitilafu ikomae amengoja kupita kiasi. La pili ni kwamba yule aliyeingiza upya mfumo wa uendeshaji mara nne hakukosa bidii. Alikosa jina la kitu kilichokuwa kikikosea.

IV. UTARATIBU WA KUSASISHA

Kazi yenyewe si ndefu, ila haitaki haraka. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, jina kamili la bodi mama na namba ya toleo la programu yake huandikwa. Katika Windows habari hizo hupatikana kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo. Katika kompyuta ya mezani jina la bodi huwa pia limechapwa juu ya bodi yenyewe. Herufi moja ya mwisho ya jina huweza kutofautisha bodi mbili zisizoshirikiana programu.

Pili, toleo jipya huchukuliwa katika tovuti ya mtengenezaji wa bodi au wa kompyuta, si mahali pengine. Maelezo ya toleo husomwa. Ikiwa yanataja hitilafu inayokusumbua, au kifaa ulichoongeza, sababu ya kusasisha ipo. Ikiwa mashine haina tatizo lolote na maelezo hayataji jambo la usalama wala la uimara, hakuna haja ya kuihangaisha.

Tatu, nyaraka hunakiliwa nje ya mashine, ingawa sasisho hili haligusi diski. Diski ikiwa imesimbwa, yaani imefungwa kwa siri ili mwizi asiisome, ufunguo wake wa akiba hutafutwa kabla ya kuanza, au usimbaji husimamishwa kwa muda. Kwani mashine ikiona programu ya bodi imebadilika huweza kudai ufunguo huo, na asiye nao hufungiwa nje ya mali yake.

Nne, umeme hulindwa. Hapa ndipo penye hatari yote. Maandishi ya zamani yakiwa yamefutwa na mapya hayajakamilika, umeme ukikatika, rubani hayupo tena na chombo hakiwezi hata kung'oa nanga. Kompyuta ya mkononi huwa na betri iliyojaa na waya wake ukutani. Ya mezani huunganishwa na betri ya akiba. Mahali ambapo umeme hukatika pasipo taarifa, kufanya kazi hii bila akiba ni kucheza kamari kwa mali ya mwenzio. Baadhi ya bodi zina nakala ya pili ya programu, au kitufe cha kuandikia toka diski ya flashi hata mashine ikiwa imekufa, lakini si zote.

Tano, toleo jipya huwekwa katika diski ya flashi, na uandishi hufanywa ndani ya ukurasa wa mipangilio ya bodi, au kwa programu ya mtengenezaji. Tangu hapo mashine haiguswi. Kioo huweza kuwa cheusi kwa dakika kadhaa wakati vifaa vinapokaguliwa upya, na wengi wamezima mashine kwa hofu wakati huo huo ilipokuwa ikipona.

Sita, mashine ikirudi, mipangilio hukaguliwa, kwa kuwa sasisho mara nyingi huirudisha katika hali ya kiwandani. Kisha mashine hupewa kazi ileile iliyokuwa ikiiangusha, kwa siku kadhaa, kabla ya kusema kwamba imepona.

V. ISTILAHI ZIPI ZATUFAA?

Sasa turudi kwenye maneno. Neno la Kiingereza kwa programu hii, ambalo wengine hulitamka fimwea, lilitungwa na Ascher Opler mwaka 1967. Alichukua neno lenye maana ya imara na kuliweka kati ya lile la kitu kigumu na lile la kitu laini, na alichokuwa akikitaja hasa ni mikrokodi, ileile iliyokuja kuzua mashaka mwaka 2024. Kiswahili kimepata programu dhibiti, istilahi inayotumika sasa katika simu na kompyuta zilizotafsiriwa. Wapo wanaoandika programu thabiti, kwa kufuata sehemu ya Kiingereza yenye maana ya imara. Maneno haya mawili yanakaribiana masikioni lakini mizizi yake ya Kiarabu ni mbali: thabiti ni chenye kukaa imara, na dhibiti ni kuweka chini ya utawala. La kwanza latafsiri jina, la pili laeleza kazi. Napendelea la pili. Kitu kinachoandikwa upya kila mwaka si haki kukiita thabiti, bali kudhibiti ndiyo kazi yake ya kila siku.

Kwa ubao wenye kubeba vifaa vyote, bodi mama limekwisha kueleweka, na mazabodi ya mafundi si adui yake. Hapa ndipo hazina ya bahari inapotufunza. Nahodha, rubani, bandari, usukani na kalafati ni maneno yaliyotoka Uajemi na Uarabuni. Hakuna mvuvi wa Kaole wala wa Mlingotini, kijiji ambacho ndani ya jina lake limo neno mlingoti, anayeyaona kuwa mageni. Lakini kuunda, kutweka, kushua na kupweleza ni vitenzi vyetu. Wazee walikubali majina ya vitu pamoja na vitu vyenyewe, lakini yaliyotendeka kwa vitu hivyo waliyasema kwa vitenzi vya nyumbani na vinyambuo vyake. Kompyuta haina sababu ya kufuata njia nyingine.

Hapa juhudi zetu za istilahi zimekuwa na upungufu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba kioo kizima cha kompyuta chaweza kusema Kiswahili. Mijadala iliyofuata ilishughulika sana na majina: kompyuta au tarakilishi au ngamizi, kipanya au puku. Majina yana haki yake. Lakini fundi haponyi jina. Huponya tukio, na tukio hukaa katika kitenzi.

Tazama vitenzi vya dawa. Mafundi wana viwili vikubwa: kupiga windo, yaani kuingiza upya mfumo wa Windows, na kuflashi, kilichotoka katika ufundi wa simu. Kupiga windo mara nyingi hufuta nyaraka za mteja na hakugusi programu ya bodi. Mwenye hitilafu ya bodi hulipa, hupoteza hesabu za duka au mitihani ya shule, na baada ya wiki mashine huganda kama kwanza. Kuflashi, kwa aliyezoea simu, maana yake ni kupoteza picha na namba zote. Akiambiwa kwamba bodi itaflashiwa huogopa na kukataa, ingawa dawa hiyo haingegusa faili lake hata moja. Hivyo neno lisilotisha huharibu mali, na neno linalotisha huzuia uponyaji.

Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme kusasisha programu dhibiti. Kusasisha, kilichonyambuliwa katika sasa, ni kukifanya kitu kiwe cha wakati huu. Hakibebi habari ya kufuta. Kuhuisha kina uzuri wake, lakini chaahidi uhai, na tumeona kwamba sasisho halifufui kifaa kilichochakaa. Kuflashi kibakie kwa simu, ambako maana yake imeshika mizizi.

Pendekezo la pili lawahusu walimu wa vyuo vya ufundi stadi pamoja na watunga istilahi. Kila fundi apokeapo kompyuta huandika daftarini jina la mteja na neno moja la tatizo, ambalo mara nyingi ni "inazima" au "mbovu". Mahali pa neno hilo moja pawekwe maswali manne. Imezimwa, imezimika, imejizima, imejiwasha upya, imeganda, au imegoma kuwaka? Ilikuwa ikifanya kazi gani? Pameongezwa kifaa gani hivi karibuni? Programu dhibiti yake ni toleo gani? Maswali hayo hayahitaji chombo wala fedha, na mteja wa Bagamoyo aliyesoma darasa la saba ataweza kuyajibu matatu ya kwanza kwa usahihi, kwa kuwa tofauti za vinyambuo hivyo amezijua kabla ya kujua kompyuta. La nne ni kazi ya fundi. Yeye akilijibu kabla ya kupiga windo, nyaraka nyingi zitasalimika.